Digrii ya uchumi: ukimaliza unakuwa nani hasa?

#1 NdotoZaMchana
Habari wakuu.

Siku za kuchagua kozi zinakwisha na mimi bado nazungushwa na swali moja. Nimeweka uchumi namba moja, uhasibu namba mbili. Jana mama kaniuliza, "Ukimaliza unakuwa nani?" Nikasema mchumi. Akaniuliza tena, "Mchumi ukimkuta kazini kashika nini?" Daktari utamkuta na kipimo shingoni, fundi na nyundo, mwalimu na chaki. Mchumi je? Nikabaki namkodolea macho.

Basi nikafanya utafiti wangu. Nimewatafuta watu watano ninaowajua waliosoma uchumi. Mmoja anauza bima. Mmoja yuko benki upande wa mikopo. Mmoja anafundisha hisabati. Mmoja mwandishi wa habari. Wa tano kaniambia "niko kwenye miradi", na nilipomuuliza miradi gani akabadilisha mada. Hakuna hata mmoja anayeitwa mchumi kazini kwake.

Kwa hiyo naja na dai: uchumi ni digrii ya kila kitu, na digrii ya kila kitu ni digrii ya hewa. Nipingeni.

#2 Mpita Njia
Nimekaa siti ya mbele. Waje wenye uzoefu.

#3 Mzee wa Daftari
Kijana, uhasibu uweke namba moja ulale usingizi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hawakusema mali bila mchumi.

Mhasibu ana mitihani ya bodi, ana muhuri, na zipo karatasi ambazo bila sahihi ya mkaguzi wa hesabu hazipokelewi popote. Mchumi hana bodi. Jirani yako akiamka kesho akajiita mchumi, nani atamkamata?

#4 Chizi Makini
Mchumi ni mtu anayechuma. Wachumi ninaowajua mimi hawachumi, wanachumwa.

#5 Kasuku Mweusi
@Chizi Makini umenichekesha, ila neno lenyewe umelikosea. Uchumi umetokana na chuma, madini. Zamani mwenye chuma ndiye aliyekuwa na jembe na silaha, kwa hiyo ndiye mwenye mali.

#6 Bi Nukta
Kasuku, hadithi yako tamu lakini umeitunga usiku huu. Uchumi ni kutoka kitenzi kuchuma: unachuma matunda, unachuma mali. Chizi Makini kwa mara ya kwanza maishani mwake yuko sahihi. Wagiriki nao, neno lao lililozaa jina la somo hili katika lugha za Ulaya lilikuwa na maana ya kusimamia nyumba.

Turudi kwa Mzee wa Daftari. Kwenye muhuri sina ubishi, mzee wangu. Lakini daftari linaandika kilichokwisha kutokea. Siku bosi akiuliza, "Tukipandisha bei kwa asilimia 10 itakuwaje?", utafungua ukurasa upi? Bei hiyo haijawahi kuwepo. Wakikimbia wateja asilimia 4, mapato yanapanda kama asilimia 5.6. Wakikimbia asilimia 12, mapato yanashuka kama asilimia 3.2. Kampuni ileile, bei ileile, na kinachotenganisha kicheko na kilio ni namba moja ambayo haimo kwenye daftari lolote. Kuikisia hiyo namba ukiwa na sababu za kueleweka ndiyo kazi ya mchumi. Anachoshika mkononi, mwambie mama, ni swali la "ingekuwaje kama".

#7 Mzee wa Daftari
Na akikisia vibaya anabaki na kazi. Mhasibu akikosea anaitwa polisi.

#8 Takwimu Tupu
Mimi ni mchumi na cheo changu ni mchambuzi. Wengi wetu ndiko tulikojificha: mchambuzi wa bei, mchambuzi wa mikopo, ofisa mipango, ofisa tathmini, ofisa utafiti, kitengo cha vihatarishi. NdotoZaMchana, ukitafuta neno "mchumi" mlangoni utazunguka sana. Utalikuta benki kuu, wizara za fedha, ofisi za takwimu, mashirika ya kimataifa na vyuoni. Kwingine tunavaa majina ya wenyeji.

Umeuliza kazi yenyewe ikoje. Wiki yangu ya kwanza nilikabidhiwa faili la dodoso la watu 200, nikaambiwa toa wastani wa umri. Nikabonyeza, ukatoka miaka 60. Nikaandika kwenye ripoti kwamba hii ni jamii ya wazee. Sikuishia hapo, nikaongeza aya nzima ya kueleza kwa nini vijana wamehama, na maneno mazito ya darasani nikayapanga humo. Bosi akasoma kimya, akaniuliza, "Mkubwa wao ana miaka mingapi?"

Kuangalia: 999. Watu sita wana miaka 999. Waliokwenda kuhoji walikuwa wanaandika 999 kila mtu anapokataa kutaja umri. Nikawatoa wale sita, wastani ukashuka hadi 31.

Watu sita walikuwa wameizeesha jamii nzima, na mimi tayari nilikuwa na nadharia ya kueleza jambo ambalo halikutokea. Tangu siku ile sigusi faili kabla ya kuangalia namba kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote.

#9 Kipimajoto
Nimekaa nikakokotoa maana humu watu wanatunga. 194 × 31 = 6,014. Ongeza 6 × 999 = 5,994. Jumla 12,008. Gawa kwa 200 unapata 60.04. Hesabu imekaa, Takwimu Tupu umepita.

#10 Mzee wa Daftari
Mhasibu angeiona 999 kabla hajakaa kitini.

#11 Msomi Njaa
Nyie mnaongea vizuri kwa sababu mna ajira. Mimi nimemaliza uchumi na alama nzuri, nimekaa miaka mitatu bila kazi ya maana. Usaili mmoja siutasahau. Wakaniuliza, "Unaweza kufanya nini?" Nikaanza mahitaji na ugavi, nikawachorea na mikunjo hewani kwa kidole. Yule mama wa katikati akanikatiza kwa upole, "Tumeelewa unachokijua. Tunauliza unachoweza kufanya." Nikakaa kimya. Kazi akapewa kijana wa jiografia anayejua kutumia R, ile programu ya kompyuta ya takwimu, anachukua data na kukutolea ramani na rigresheni (hesabu ya kupima kitu kimoja kinavyohusiana na kingine) siku hiyohiyo.

Kwa hiyo mleta mada namuunga mkono. Mimi nilitoka na mikunjo tu.

#12 Takwimu Tupu
@Msomi Njaa pole sana kaka. Ila nikuulize, ekonometriki, ile ya kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, ulisoma?

#13 Msomi Njaa
Nilisoma ya lazima. Ile ya pili ilikuwa ya hiari, nikaikwepa. Kila mtu alikuwa anaikwepa.

#14 Takwimu Tupu
Basi jibu umelitoa mwenyewe. Katika digrii hii sokoni kinauzwa kile ambacho kila mtu anakikwepa.

#15 Dokta Mgonjwa
Hapana, Takwimu Tupu, usimsimange mwenzio. Ukisema ekonometriki ndiyo inayouzwa, unasema takwimu ndiyo inayouzwa. Basi si mtu aende takwimu moja kwa moja? Uchumi unabaki na kazi gani hapo?

Niwape na upande wa juu maana naona hakuna aliyeugusa. Mimi nilikwenda kusoma PhD ya uchumi. Sababu yangu ilikuwa moja, nilitaka kujua kwa nini nchi nyingine ni maskini. Mwaka wa kwanza nilikutana na uthibitisho wa kihisabati asubuhi, mchana na ndotoni. Wiki ya tatu tulikuwa tunathibitisha kwamba mlinganyo una jibu, kisha kwamba jibu hilo ni moja tu. Jibu lenyewe ni ngapi, hakuna aliyeuliza. Nilitoka na masta na vidonda vya tumbo, ndipo nikapata hili jina.

Anayetaka kufika huko ajipange tangu digrii ya kwanza: kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya matriki, nadharia ya uwezekano. Nilikuwa na darasa moja na watu waliotoka fizikia, hawajawahi kusoma uchumi hata siku moja, na walituacha mbali. Walifundishwa mahitaji na ugavi wiki mbili wakaelewa. Mimi hisabati yao sikuipata kwa miaka miwili.

#16 Kasuku Mweusi
Ni kweli. Hata Keynes, yule mchumi maarufu wa Uingereza, alikuwa na digrii ya uchumi ya Cambridge lakini alianza na hisabati.

#17 Bi Nukta
Kasuku tena! Keynes digrii yake ilikuwa ya hisabati, Cambridge, 1905. Digrii ya uchumi hakuwahi kuwa nayo. Pale Cambridge mtihani wa digrii wa uchumi unaojitegemea ulianzishwa 1903 kwa kusukumwa na Alfred Marshall, kwa hiyo kozi ilikuwa bado mbichi. Adam Smith naye alikuwa profesa wa falsafa ya maadili, Glasgow. Hawa tunaowaita mababa wa somo wasingepita kwenye tangazo la kazi linalosema "awe na shahada ya uchumi".

#18 Kasuku Mweusi
Sawa mwalimu. Lakini zawadi ya Nobel ya uchumi tangu 1901 wanapewa wachumi tu, hilo hutalipinga.

#19 Kipimajoto
Unapenda kuchapwa wewe. Zawadi za Nobel zilianza 1901 lakini ya uchumi haikuwemo kwenye wosia wa Alfred Nobel. Iliwekwa na benki kuu ya Sweden mwaka 1968, ikatolewa mara ya kwanza 1969 kwa Ragnar Frisch na Jan Tinbergen. Na Tinbergen udaktari wake ulikuwa wa fizikia. Kahneman, aliyepata 2002, alikuwa mwanasaikolojia. Nash, 1994, mwanahisabati. "Wachumi tu" iko wapi hapo?

#20 Mama Watatu
Mmemsahau Elinor Ostrom, 2009, mwanamke wa kwanza kuipata. Udaktari wake ni wa sayansi ya siasa. Aliomba kusoma PhD ya uchumi UCLA, chuo kikuu cha Marekani, wakamkataa kwa sababu hisabati yake haikutosha, na haikutosha kwa sababu alipokuwa msichana shuleni walimzuia kusoma trigonometria. Baadaye akaja kushinda zawadi ya somo lilelile lililomfungia mlango. Kila nikifikia hapo natabasamu peke yangu.

Mimi nimerudi chuo kusoma uchumi nikiwa na miaka 34 na watoto watatu. Watu wananiuliza kwa nini nisisome kitu chenye kazi. Nilikuwa katika kikundi cha kuweka na kukopa na tulikuwa tunagombana kila mwezi: riba iwe ngapi, nani akopeshwe kwanza, asiyelipa tumfanye nini. Mwaka wa kwanza mwalimu akafundisha tatizo la mkopeshaji asiyemjua mkopaji vizuri, kwamba ukipandisha riba wale waangalifu wanajitoa na wanaobaki ni wale wasio na nia ya kulipa. Nilitaka kusimama darasani niseme, "Nawajua hao kwa majina!" Ajira sijui. Lakini sijawahi kusoma kitu kikanieleza maisha yangu hivyo.

#21 Chizi Makini
Mama Watatu tutajie majina, mimi nina mtu wangu namshuku.

#22 Mlinda Lango
Mnazunguka mbuyu wakati mfano mnao. Arsène Wenger, kocha wa zamani wa Arsenal, ana digrii ya uchumi, Strasbourg. Mnamshangaa alivyokuwa mgumu kutoa pesa sokoni?

#23 Chizi Makini
Duh! Kumbe tuliteswa na nadharia ya gharama za nyongeza miaka yote ile.

#24 Mlinda Lango
Ndiyo ujue ukisoma uchumi unaweza kukaa klabu moja miaka 22. Uhasibu haukupi hiyo.

#25 Kasuku Mweusi
Kofi Annan pia, ila yeye alisoma siasa.

#26 Kipimajoto
Kofi Annan, Macalester College, Marekani, 1961: uchumi. Kasuku leo pumzika.

#27 Bi Nukta
Turudi kwenye hoja kabla wasimamizi hawajaufunga uzi. Msomi Njaa anasema digrii haina faida, Takwimu Tupu anasema inayo ukichagua masomo vizuri. Wote wawili wanatoa ushahidi wa mtu mmoja mmoja, na hapo ndipo utafiti mmoja unapoingia vizuri.

Shida ya kulinganisha mishahara ni kwamba waliosoma uchumi walikuwa watu tofauti tangu mwanzo. Pengine wanapenda pesa zaidi, pengine wanajua hisabati, pengine baba ana marafiki. Sasa, chuo kikuu cha California kule Santa Cruz kiliwahi kuwa na kanuni: ukitaka kuendelea na uchumi, wastani wa alama zako katika masomo mawili ya mwanzo ufike 2.8 kati ya 4. Chini ya hapo, kwa kawaida unatafuta kozi nyingine. Watafiti wawili, Bleemer na Mehta, wakaona mwanya. Mwanafunzi mwenye 2.79 na mwenye 2.81 wanatofautiana nini? Swali moja la mtihani, pengine mafua ya siku ile. Lakini mmoja kaingia uchumi na mwingine kaenda pengine. Wakawafuatilia mpaka kwenye mishahara ya miaka ya mwanzo kazini. Waliovuka mstari kwa kubahatisha walikuwa wanapata zaidi kwa kama dola 22,000 kwa mwaka, asilimia 46, kuliko ambavyo wangepata wangebaki kwenye kozi zao za chaguo la pili. Matokeo yalichapishwa 2022.

Kwa hiyo "digrii ya hewa" ni dai zito kulibeba, NdotoZaMchana.

#28 NdotoZaMchana
Asilimia 46?! Namwita mama.

#29 Dokta Mgonjwa
Usimwite bado. Huo utafiti naujua na ni mzuri, lakini usomwe mpaka mwisho. Kwanza, ni chuo kimoja, nchi moja. Pili, unawahusu wale wa ukingoni pale 2.8, haumhusu mwenye alama za juu kabisa wala aliyefeli vibaya. Tatu, ulinganisho ni na kozi zao za pili, na kwa wengi hizo zilikuwa sayansi nyingine za jamii. Wewe chaguo lako la pili ni uhasibu. Hilo swali halijajibiwa pale.

La nne ndilo linalonikera. Wenyewe waandishi wanasema karibu nusu ya tofauti ile inatokana na aina ya sekta wanakokwenda: waliosoma uchumi wanaelekea zaidi kwenye fedha na biashara, huko kunalipwa. Yaani nusu ya faida ni mlango unaoingilia. Hata mfagizi wa benki analipwa kuliko mfagizi wa maktaba.

#30 Takwimu Tupu
Na nani anakufungulia huo mlango kama si ujuzi? Mchumi Gary Becker aliliweka wazi tangu miaka ya 1960: elimu ni mtaji. Unawekeza miaka na ada, unatoka na uwezo, uwezo unalipwa. Benki haikupendi, inanunua unachoweza kufanya.

#31 Dokta Mgonjwa
Mwaka 1973 mchumi mwingine, Michael Spence, akaja na maelezo mengine kwa ushahidi uleule. Mwajiri hakuoni ndani. Anachokiona ni kwamba umevumilia masomo magumu ambayo mvivu asingeyaweza. Hata kama hukujifunza chochote cha maana, digrii imeshasema "huyu hachoki". Kanuni ya 2.8 iangalie kwa jicho hilo: digrii ile ilikuwa na mlinzi mlangoni, na waajiri wanajua ina mlinzi. Unalipwa kwa kupita mlinzi.

Becker na Spence wote walipewa Nobel, mmoja 1992, mwingine 2001. Chagua wako.

#32 Msomi Njaa
Mbona mimi nilimpita mlinzi na sikulipwa?

#33 Mzee wa Daftari
Kupata si werevu, kukosa si ujinga. Wewe kijana huna kosa. Wakati unatoka, milango ilikuwa imefungwa, basi. Nimeona watu waliomaliza mwaka mzuri wakaajiriwa kabla ya mahafali, na wadogo zao waliomaliza mwaka wa mdororo, alama zilezile, wakasota. Kila mtu anaeleza mafanikio yake kwa akili zake na kufeli kwa mwenzake kwa uvivu.

#34 Bi Nukta
Mzee leo umeongea kichumi kabisa. Tutakupa kadi ya uanachama.

#35 Mzee wa Daftari
Hamna bodi, kadi mtaitolea wapi.

#36 Mama Watatu
Naongeza moja kwenye rundo. Nusu ya darasa letu wana mjomba au shangazi kwenye sekta ya fedha. Nafasi za mafunzo kazini wanazipata kabla hazijatangazwa. Sisi wengine tunasoma kuhusu soko huru ubaoni na kulikosa koridoni. Kwa hiyo kuna ujuzi, kuna mlinzi, kuna bahati ya mwaka, na kuna mjomba. Mtafiti aje atuambie kila mmoja ana asilimia ngapi.

#37 Takwimu Tupu
Mjomba haelezi tofauti ile ya Santa Cruz, Mama Watatu. Wenye 2.79 nao wana wajomba. Huo ndio uzuri wa kile kipimo.

#38 Mama Watatu
Lakini mjomba aliye benki anaweza kumsaidia nani, mpwa mwenye uchumi au mpwa mwenye historia? Labda digrii na mjomba vinafanya kazi pamoja.

#39 Takwimu Tupu
…Hapo umenibana. Sina jibu la haraka.

#40 Kasuku Mweusi
Naomba niseme kitu na safari hii nimehakikisha. Arthur Lewis, wa Saint Lucia, alitaka kuwa mhandisi. Akaona wazi kwamba serikali ya kikoloni na kampuni za Wazungu hazitamwajiri mhandisi mweusi. Mwaka 1933 akaenda London kusoma biashara, akaangukia uchumi. Ghana ilipopata uhuru 1957 akawa mshauri wake wa uchumi, na 1979 akapata Nobel. Kwa hiyo NdotoZaMchana, kuna mtu aliingia uchumi kwa sababu milango mingine imefungwa, na ikawa vile.

#41 Kipimajoto
Nimetafuta kosa sijaliona. Hongera.

#42 Chizi Makini
Uzi ufungwe, Kasuku kapatia.

#43 Dokta Mgonjwa
Mfano mzuri ila ni mtu mmoja, na tumemchagua kwa sababu alishinda. Wangapi waliingia kwa sababu ileile hatuwajui majina? Sisemi kwa ubaya. Naangalia ile 999 yetu.

#44 Msomi Njaa
Taarifa ndogo kutoka kwangu: nimeanza kujifunza R jana usiku kwa sababu ya huu uzi. Nimekwama kwenye kufungua faili. Faili tu kulifungua.

#45 Takwimu Tupu
@Msomi Njaa njoo inboksi. Kwa asilimia kubwa ni njia ya folda umeikosea au umeandika mkwaju wa nyuma (\) badala ya wa mbele (/).

#46 Msomi Njaa
Ilikuwa mkwaju. Nimepoteza saa mbili kwa mkwaju.

#47 NdotoZaMchana
Wakuu asanteni. Nimejaza fomu: uchumi na takwimu namba moja, uhasibu nimeuacha namba mbili kwa heshima ya Mzee wa Daftari. Nimemwambia mama kuhusu swali la "ingekuwaje kama". Akasema, "Hilo hata mimi ninalo, ingekuwaje kama ungesoma udaktari."

Swali la mwisho. Nina miezi kadhaa kabla ya kuanza. Kwenye hisabati nianze na nini?

#48 Dokta Mgonjwa
Matriki.

#49 Bi Nukta
Usimtishe mtoto. Anza na logi. Nchi ikikua kwa asilimia 3.5 kila mwaka, pato lake litachukua miaka mingapi kuwa maradufu? Usiulize intaneti.

#50 NdotoZaMchana
Ishirini?

#51 Bi Nukta
Kama ishirini, ndiyo. Umegawa 70 kwa 3.5, ile njia ya mkato ya gazetini. Sasa niambie hiyo 70 imetoka wapi.

#52 NdotoZaMchana
Nipe dakika tano.

#53 Kipimajoto
Zimepita ishirini na tano.

#54 Mzee wa Daftari
Mwanangu, fomu ya uhasibu bado haijafungwa.